Kuchapa kadi mbele na nyuma zikakaa sawa: mwongozo kamili kwa anayejifunza mtambo wa kidijitali

Ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika karakana ya uchapaji, iwe Kariakoo, River Road ya Nairobi au Nasser Road ya Kampala, mojawapo ya kazi za mwanzo utakazoachiwa ufanye peke yako ni kadi za biashara za mbele na nyuma. Kazi yenyewe ni ndogo, karatasi chache tu, lakini huwatoa vijana jasho kuliko kitabu kizima. Mbele inatoka safi. Ukigeuza, nyuma imehama milimita moja au mbili, na baada ya kukata nembo inakuwa imebanwa upande mmoja.

Tatizo hili naulizwa mara kwa mara, na karibu kila anayeniuliza amepita njia ile ile: ameona nyuma imehama, amekimbilia kwenye skrini, ameanza kubadilisha namba. Namba ya leo inaharibu kazi ya kesho, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa haya hayatoki kwenye skrini. Yanatoka kwenye karatasi. Ndiyo maana hapa tunaanza na karatasi, kisha kipimo, na marekebisho ya mashine yanafuata baada ya hayo.

Maelezo haya ni ya mashine za tona ya unga zinazochapa karatasi moja moja, kama zile za Konica Minolta, Xerox, Ricoh na Canon. HP Indigo hutumia wino wa majimaji na ina taratibu zake.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Karatasi ya kadi ya gramu 300, ukubwa wa SRA3 (milimita 320 kwa 450). Chukua za kazi, uongeze angalau kumi za majaribio.
- Karatasi chache za kawaida za gramu 80, ukubwa huo huo.
- Rula ya chuma yenye alama za nusu milimita. Rula ya plastiki ya shule iache.
- Pini au sindano nyembamba.
- Lenzi ya kukuzia, hata ile ndogo ya mfukoni.
- Penseli na daftari. Daftari si pambo, utaona kwa nini.
- Kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi.

Kabla ya kusogelea mashine, vua kamba ya kitambulisho, bangili na pete, na ufunge mtandio vizuri. Rola zinazovuta karatasi zitavuta na kitambaa.

## Hatua ya 1: Kagua faili kabla halijafika mashineni

Mfano wetu ni kadi ya milimita 90 kwa 55. Faili lazima liwe na ziada ya kukatia ya milimita 3 kila upande, ile vijana wa kompyuta wanayoiita blidi. Kwa hiyo ukurasa wote unakuwa milimita 96 kwa 61. Bila ziada hiyo, kisu kikiteleza kidogo tu, ukingo mweupe unaonekana.

Maandishi na nembo vikae milimita 4 au zaidi ndani ya mstari wa kukata. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, na fonti ziwe zimefungwa ndani ya PDF. Maandishi madogo meusi yachapwe kwa nyeusi peke yake. Yakichanganywa rangi zote nne, herufi zitaonekana zina kivuli.

Onyo: fremu nyembamba inayozunguka kadi karibu na ukingo ni mtego. Kwenye mashine nyingi za aina hii, tofauti ya nusu milimita kati ya mbele na nyuma ni matokeo mazuri. Fremu iliyo milimita 1.5 kutoka ukingoni itaionyesha nusu milimita hiyo kwa kila mtu. Mwambie mteja au mbunifu mapema, kwa heshima, kabla hujachapa. Ukimwambia baada ya kuchapa, itasikika kama kujitetea.

## Hatua ya 2: Karatasi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo usipaharakishe.

Pima urefu. Kwenye mashine nyingi, karatasi ikigeuzwa ili kuchapwa nyuma, ukingo uliokuwa wa mwisho unatangulia. Mbele ilipimwa kuanzia ncha moja, nyuma inapimwa kuanzia ncha nyingine. Karatasi ikiwa na milimita 449 badala ya 450, ile milimita moja iliyopungua inatokea yote kama kosa la nyuma. Na kama kwenye rundo moja kuna za 449 na za 450, hakuna namba duniani itakayozipatanisha.

Hilo hutokea sana pale karakana inaponunua karatasi kubwa na kuzikata yenyewe kwa gilotini. Zigonge karatasi mezani zikae sawa, kisha pitisha kidole kwenye ncha ya rundo. Ukihisi ngazi, zimekatwa kwa mikupuo tofauti. Tenganisha mafungu au zirudishe zikatwe upya.

Pima pembe. Chukua karatasi mbili kutoka rundo moja. Moja iache ilivyo, nyingine igeuze chini juu, kisha ziweke pamoja ukilinganisha ukingo mmoja mrefu. Kama pembe si mraba, ncha zitapishana, na mpishano utakaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Njia hii haihitaji kifaa chochote na inaumbua hata kosa dogo. Ila hakikisha umeigeuza kweli. Kuizungusha tu mezani hakuonyeshi kitu.

Angalia unyevu. Kwa walio Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Zanzibar, hili ni adui wa kila siku. Rimu ikilala wazi usiku kucha, kingo hunywa unyevu kabla ya katikati, na asubuhi utaziona zina mawimbi. Karatasi yenye mawimbi haiingii moja kwa moja, inaingia kimshazari. Lengo ni chumba chenye unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60, na joto la nyuzi 20 hadi 25. Kama karakana haina kipima unyevu, fuata kanuni hizi mbili: rimu ifunguliwe pale inapotumika tu, na karatasi iliyotoka stoo ikae kwenye chumba cha mashine ikiwa bado ndani ya ganda lake kwa saa kadhaa kabla ya kazi.

Onyo kubwa: usipakie kamwe karatasi ya picha ya mashine za wino, wala plastiki au stika isiyoandikwa kuwa ni ya leza. Fyuza, ile sehemu inayoyeyusha tona kwa joto na mgandamizo, itaiyeyusha na kuinatisha kwenye rola zake. Fyuza ni kifaa cha gharama, na kazi nyingine zote zitasimama.

Umefanikiwa pale karatasi zinapokuwa zimelala bapa, ncha za rundo ni laini kwa kidole, na jaribio la kugeuza halionyeshi mpishano.

## Hatua ya 3: Pakia trei na uiambie mashine ukweli

Pepea karatasi kingo zote ili hewa ipite kati yake, zigonge mezani, kisha zipakie. Vibano vya pembeni viguse karatasi bila kuibana. Vikilegea, karatasi itaingia imepinda. Vikibana, itajikunja katikati na kuchelewa kuingia.

Halafu nenda kwenye mpangilio wa trei uandike uzito na aina halisi: gramu 300, yenye ung'avu au isiyong'aa. Mashine hutumia taarifa hiyo kuamua joto la fyuza na mwendo. Ukiacha "karatasi ya kawaida" kwa kuwa mtu wa jana alikuwa anachapa barua, tona haitashika. Ikwaruze kwa ukucha uone inavyobanduka. Ukifanya kinyume, karatasi nyepesi kwenye mpangilio wa nzito, inaweza kujizungusha kwenye rola ya fyuza.

Kwa mtazamo wetu kuna sababu ya pili: marekebisho ya mbele na nyuma huhifadhiwa kwa aina ya karatasi au kwa trei. Ukirekebisha chini ya jina lisilo sahihi, unamharibia mwenzako kazi yake.

## Hatua ya 4: Iache mashine ipate joto

Mashine iliyowashwa sasa hivi haina tabia sawa na ile iliyokwisha kufanya kazi. Chapa karatasi kumi au zaidi za kawaida, kisha fanya urekebishaji wa rangi kama karakana yako inavyofanya kila asubuhi. Vipimo vyote vinavyofuata vifanyike baada ya hapo.

## Hatua ya 5: Panga kadi na uhakikishe kichwa kiko juu

Kadi za milimita 96 kwa 61 zinakaa 3 kwa upana na 7 kwa urefu kwenye SRA3: milimita 288 kwa 427, jumla kadi 21. Nafasi inabaki ya alama za kukatia pande zote. Kadi 200 za mteja ni karatasi 10, zinatoka 210.

Kama kadi zote ni za mtu mmoja, nyuma haikusumbui. Lakini karatasi moja ikibeba majina ya watu tofauti, kumbuka kuwa safu ya kushoto ya mbele inaegemeana na safu ya kulia ya nyuma. Programu ya kupanga kurasa hulifanya hilo yenyewe ukiichagulia mbele na nyuma. Ukipanga kwa mkono bila kugeuza safu, kadi ya mhasibu itabeba mgongo wa dereva.

Kuhusu kugeuza kwa ukingo mfupi au mrefu, usibahatishe. Chukua karatasi ya gramu 80, andika JUU kwa penseli kwenye ncha moja, itie trei, chapa mbele na nyuma. Itazame na uandike daftarini ilivyotoka. Ukishafanya hivyo kwa kila trei, hutauliza tena.

## Hatua ya 6: Chapa karatasi za kipimo

Tengeneza faili la kurasa mbili za SRA3. Kila ukurasa uwe na misalaba minne ya mistari myembamba, mmoja kila pembe, milimita 15 kutoka kila ukingo. Umbali kati ya misalaba utakuwa milimita 420 kwa urefu na 290 kwa upana. Andika "MBELE" na "NYUMA", na uchore mshale unaoonyesha upande unaotangulia.

Chapa karatasi 8 za kadi ile ile utakayotumia, kwenye trei ile ile. Tatu za mwanzo ziweke kando. Tano zilizobaki zipe namba kwa penseli, uziache zipoe.

Najua bosi anaangalia hesabu. Karakana nyingi hulipia kila upande unaopita mashineni, kulingana na mita inayohesabu kurasa. Hata hivyo karatasi nane za kipimo ni nafuu kuliko kurudia kazi nzima, na mkiwa na marekebisho yaliyohifadhiwa hamtazihitaji kila siku.

## Hatua ya 7: Soma kosa kwa pini

Anza na mbele. Pima kwa rula ya chuma kutoka kila ukingo hadi kwenye msalaba. Kama si milimita 15, rekebisha mbele kwanza. Nyuma itafuata mbele. Ukianza na nyuma, utafanya kazi mara mbili.

Sasa nyuma. Wengi huinua karatasi kwenye mwanga na kutazama. Kwa gramu 300 mwanga haupiti vizuri, na zaidi ya hapo kushoto kumekuwa kulia, hivyo ni rahisi kusogeza kinyume. Tumia pini. Toboa katikati ya kila msalaba wa MBELE, pini ikiwa wima kabisa. Geuza karatasi. Tundu linaonyesha mahali mbele ilipo, na msalaba wa nyuma unatakiwa ulifuate. Kama tundu liko kulia kwa msalaba, nyuma inapaswa kwenda kulia. Hakuna cha kugeuza kichwani.

Tumia lenzi na rula, andika umbali wa kila tundu kwa karatasi zote tano. Kisha soma picha nzima:

Karatasi tano zinatofautiana kwa zaidi ya nusu milimita. Usiguse skrini. Mashine inavuta karatasi kila moja kivyake: rudi hatua ya 2 na ya 3, uangalie vibano, urefu, mawimbi. Kama karatasi ni nzuri na tofauti inaendelea, rola za kuvuta huenda zina vumbi la karatasi au zimechakaa. Mwite fundi mkuu.

Matundu yote manne yamekaa upande mmoja kwa kiasi kimoja. Nyuma imehama. Hili ndilo rahisi.

Misalaba ya nyuma imepinda, ya kushoto imepanda na ya kulia imeshuka au kinyume chake. Picha imekaa mshazari. Hakikisha tena pembe za karatasi.

Matundu ya ncha moja yanalingana, ya ncha nyingine hayalingani. Ukubwa wa mbele na nyuma umetofautiana. Tuelezane hili vizuri, maana ndilo lisiloeleweka. Mbele inapochapwa, karatasi bado ina unyevu wake. Ikipita kwenye fyuza inakauka na kusinyaa, na picha ya mbele inasinyaa nayo. Kisha mashine inachapa nyuma kwa ukubwa kamili juu ya karatasi iliyokwisha kusinyaa. Matokeo yake nyuma inakuwa kubwa kidogo kuliko mbele.

Chukua mfano: mbele, misalaba imetengana milimita 419.4, nyuma, 420. Gawanya 419.4 kwa 420, unapata 0.9986. Nyuma inatakiwa ichapwe kwa asilimia 99.86. Tofauti ni milimita 0.6 tu, lakini kwenye safu ya kadi saba inaonekana wazi kwenye kadi za ncha.

## Hatua ya 8: Rekebisha kwa utaratibu huu

Mshazari kwanza, ukubwa wa pili, kuhama mwisho. Sababu ni kwamba ukibadilisha ukubwa, misalaba inasogea. Ukiwa umekwisha kurekebisha kuhama, unalazimika kuanza upya.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Jina la menyu hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na hata alama ya kujumlisha inaweza kumaanisha kulia kwenye mashine hii na kushoto kwenye ile. Ijaribu: weka milimita 1, chapa karatasi tatu, pini, tazama imekwenda wapi. Andika daftarini, "jumlisha = kuelekea upande wa kutangulia" au vyovyote ilivyo, kisha weka kiasi halisi.

Onyo: kabla hujabadilisha namba yoyote, nakili ile uliyoikuta. Mwanafunzi anayeweza kurudisha mashine kama alivyoikuta huaminiwa haraka.

Hifadhi kwa jina linalosomeka: "Kadi 300 isiyong'aa SRA3 trei 2". Si "mpya", si "jaribio".

Umefanikiwa pale matundu yote manne, kwenye karatasi tatu mfululizo, yapo ndani ya nusu milimita ya misalaba.

## Hatua ya 9: Chapa kazi

Chapa karatasi moja ya kazi, mbele na nyuma. Toboa kwa pini kwenye alama za kukatia, soma majina na namba za simu, linganisha rangi na sampuli iliyokubaliwa. Mwonyeshe anayekusimamia na umwombe asaini: "Fundi, naomba uniangalizie hii kabla sijaendelea." Kisha chapa zilizobaki na ukague kila baada ya chache.

Karatasi ikikwama, fungua wenzo (vishikio vya ndani ya mashine) kwa mpangilio unaoonyeshwa kwenye skrini. Vuta taratibu kwa mikono miwili, kufuata mwelekeo wa karatasi, na hakikisha hakuna kipande kilichobaki. Usiguse fyuza, joto lake huunguza ngozi papo hapo. Usiguse dramu (silinda inayotengeneza picha ya tona) wala mkanda wa kuhamishia picha kwa vidole, na dramu isiachwe kwenye mwanga. Bisibisi na kisu vikae mbali.

Baada ya mkwamo, hesabu upya na utazame karatasi iliyofuata pande zote mbili, hasa kama kadi ni za watu tofauti.

Tona ikimwagika, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha kilicholoweshwa maji baridi. Maji ya moto huinatisha. Kifyonza vumbi cha nyumbani usikitumie, unga huo ni laini mno na utapenya urudi hewani.

## Hatua ya 10: Gilotini

Kazi iliyolingana mashineni inaweza kuharibika hapa. Acha karatasi zipoe na zinyooke. Zigonge zote kwenye pembe moja, ile ile ambayo mbele ilipimwa kutoka kwake: ukingo uliotangulia na ukingo wa pembeni. Iwekee alama ya penseli tangu zinapotoka mashineni, kwa sababu mezani karatasi zote zinafanana.

Kata rundo dogo. Rundo nene huvutwa na kisu, kadi za juu na za chini zinatofautiana ukubwa. Weka karatasi ngumu ya taka juu na chini ili kibano kisiache alama kwenye tona. Mikono miwili kwenye vitufe viwili. Na kama kwenye gilotini ya karakana yenu kitufe kimoja kimefungwa kibaki kimebonyezwa ili kuharakisha kazi, kataa kuitumia. Hakuna bosi anayeweza kukurudishia kidole.

Baada ya kukata, toa kadi tatu: ya juu, ya katikati na ya chini ya rundo. Pima ukingo hadi nembo, mbele na nyuma. Zikilingana, hesabu 200 za mteja.

Karatasi moja ambayo haijakatwa ihifadhi kwenye bahasha, uandike tarehe, aina ya karatasi, trei na jina la mpangilio uliouhifadhi. Mteja akirudi baada ya miezi mitatu kutaka kadi zile zile, utaanzia hatua ya 6 ukiwa na kitu cha kulinganishia. Karatasi zilizobaki zirudishe kwenye ganda lake, ulifunge kwa utepe wa gundi, na uandike juu yake gramu, ukubwa na siku ulipolifungua.